Kafi Yangu Inatangulia Ngoma

Mama yangu aliniita kiguu na njia tangu nilipoanza kutambaa, na hakuwa akinisifu. Sijui kukaa. Chai naimaliza nimesimama. Foleni ya benki naitoka nikiwa nimebakiwa na watu wawili mbele yangu, kesho yake narudi kuianza upya. Nilipostaafu wizarani, hapa Maskati, wenzangu waliniandalia keki na kahawa, mkurugenzi akasimama kutoa hotuba, na kabla hajafika katikati mimi nilikuwa nishaanza kukusanya vikombe. Wiki ya pili ya kustaafu nilikuwa nimeshapaka rangi ukuta wa uani na kuhamisha kabati la jikoni mara mbili. Mume wangu akaniomba, kwa adabu zote, nitafute pa kwenda.

Nikapata boti la joka. Ni boti refu jembamba. Watu ishirini hukaa wawili wawili juu ya mbao, kila mmoja na kafi yake mkononi. Nyuma yupo mshika usukani, na mbele kabisa, omo, hukaa mpiga ngoma, mgongo kaupa bahari na uso kaugeuzia wapiga kafi. Mchezo wenyewe ni wa Wachina, na kocha wetu alikuwa Mchina wa kisiwa kidogo cha wavuvi. Kwao, alivyotueleza, kila mwaka wavuvi huacha nyavu siku ya mashindano, mtaa mmoja ukapambana na mtaa mwingine mpaka watu wakakaukwa na sauti. Alikuja Oman kwa kazi za bandarini, akazeekea hapa, na Jumamosi asubuhi akawa anafundisha watu ufukweni kwa Kiarabu chake cha kuungaunga.

Kikosi chetu kilikuwa cha wanawake watupu: walimu, wauguzi, wastaafu kama mimi, wengi wetu wa nyumba zilizotoka Unguja na Pemba. Tulivaa suruali pana, fulana za mikono mirefu na mitandio iliyofungwa ikafungika, na juu yake makoti ya kuelea ya rangi ya chungwa. Mwanangu aliponiona mara ya kwanza nimevaa hivyo alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia acheke vizuri, maana nguo za kufua zitakuwa zake.

Baada ya wiki chache nikamvuta na shoga yangu. Huyu nilimpata darasani. Tulikuwa wasichana wawili tuliokuja kutoka Unguja na wazee wetu, Kiarabu hatukijui sawasawa, mwalimu akatuweka deski moja ili tukosee pamoja. Tangu hapo mimi nakimbia, yeye anakaa. Tumezaa karibu karibu, tumejenga Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, nyumba yake na yangu zimeachana mitaa miwili. Yeye hakuwahi kujifunza kuendesha gari. Alisema ana mimi. Kwa miaka yote hiyo alikuwa mtu pekee ambaye sikuona haya kutazama saa mbele yake.

Kocha alimpa ngoma siku ile ile, aliposikia anavyogonga ubao kwa vidole huku akisubiri. Mkono wake unajulikana. Katika harusi za kwetu akishika kigoma hata wakwe hunyanyuka. Mimi kocha aliniweka ubao wa mbele, kulia, akidhani mtu mwenye nguvu na haraka ndiye anayefaa pale. Hapo alikosea. Ubao wa mbele ndio unaowapa wote mwendo; walio nyuma hawaioni ngoma, wanautazama mgongo wako. Ukitangulia wewe, boti zima linavurugika, kafi zinagongana kama vijiko ndani ya sinia.

Na mimi natangulia. Ngoma ikisema sasa, kafi yangu imeshaingia majini zamani. Shoga yangu, magoti yake yakikaribia kugusa yangu, alikuwa akipaza sauti, "Punguza, bibi weye! Nani anakufukuza?" Boti zima linacheka, na mimi nacheka, na kwa kafi mbili tatu hivi nakuwa mtu. Kocha hakujua Kiswahili, lakini neno hilo moja alilishika, akawa ananiita Punguza kama ndilo jina nililopewa na wazazi.

Mume wa shoga yangu alifariki Jumamosi moja ya miezi ya joto, asubuhi mapema. Alikuwa na gereji Wadi Kabir, mtu mpole, mwenye mafuta ya gari kwenye kucha hata siku ya Idi. Jumamosi yeye ndiye aliyekuwa akimleta mkewe ufukweni, kwa kuwa mimi siwezi kumngoja mtu. Habari zilinikuta ufukweni baada ya mazoezi, nguo zimerowa, simu imejaa ujumbe. Asubuhi ile kocha alikuwa amepiga ngoma mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeshanung'unika mbele ya wote kwamba mwenzetu kapitiwa na usingizi.

Siku tatu za matanga nilikuwa mtu wa maana. Matanga ni mahali pazuri kwa mtu kama mimi: kuna vikombe, kuna majungu, kuna mikeka ya kutandika na kukunja, kuna watu wa kupokewa mlangoni. Sikukaa kitako siku tatu nzima. Watu wakasema, mashallah, huyo ndiye shoga. Nikayasikia na yakaniingia vizuri.

Kisha watu wakaondoka, mikeka ikarudishwa, ikabaki eda. Mjane kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki bila dharura, hajipambi, na wenzake wakati huo wana kazi moja tu, nayo ni kwenda kukaa naye. Wanakwenda alasiri, wanakunywa kahawa, na yeye anasimulia. Kila anayekuja husimuliwa mauti yalivyokuwa, tangu mwanzo hadi mwisho, aliamkaje, alisema nini, nani alimshika mkono. Wanawake husikiliza kana kwamba hawajasikia, na kila akisimulia kifua chake kinapata nafuu kidogo. Nilijua hayo yote. Nimekulia ndani yake.

Nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa ndio kwanza anaanza kuwasimulia wanawake wanne waliotoka Sib. Nikaona vikombe vichafu, nikanyanyuka navyo jikoni. Nilipomaliza kuviosha nikapanga na kabati, na niliporudi sebuleni hadithi ilikuwa imeisha, watu wanafuta macho. Mara ya pili tulikuwa wawili peke yetu. Alivaa kanga nyeupe, hana kitu sikioni wala mkononi, na uso wake ulikuwa mdogo kuliko ninavyoujua. Akasema, "Afadhali umekuja. Nikwambie ilivyokuwa." Nikakumbuka kwamba gari yangu imeziba njia ya jirani. Nikasema nakuja sasa hivi. Nikatoka, nikawasha gari, nikaenda sokoni kununua samaki.

Niseme ukweli: niliogopa. Niliogopa uso ule. Nilijua nikikaa nitalia, na mimi nikilia sijui pa kuuweka mwili wangu. Kwa hiyo nikafanya lile ninaloliweza. Nikapika. Nikapeleka biriani, nikapeleka mchuzi wa papa, nikapeleka mikate ya kumimina, kila siku ya pili au ya tatu hotpoti linatoka kwangu na dereva, mitaa miwili tu, na salamu nyingi.

Hotpoti la kwanza lilirudi tupu. Nikasema mfanyakazi kasahau. La pili likarudi tupu. La tatu mama yangu alikuwapo jikoni kwangu dereva alipoliingiza. Akalifungua, akalinusa, akalifunika tena taratibu.

"Limerudi hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Limeoshwa kwa sabuni," akasema. Kwetu chombo hakirudi kitupu. Hata kama huna kitu unatia ndimu mbili, unatia konzi ya chumvi, lakini unatia. "Mie nna miaka themanini na tatu, sijapata kurejeshewa chombo kitupu na mtu tunayesalimiana. Umemfanya nini mwenzio?"

"Sijamfanya kitu, mama."

"Basi hilo ndilo," akasema, akaendelea kuchambua mchicha wake.

Ningeweza kuvaa baibui dakika ile na kwenda. Mitaa miwili. Nilivaa hata, nikafika getini kwangu, nikajiambia alasiri hii atakuwa na wageni wengi, nitakwenda kesho. Miezi minne na siku kumi ni mingi kwa anayekaa ndani. Kwa mtu anayeahirisha ilipita kama wiki.

Eda ilipoisha alirudi kwenye boti. Watu walisema. Shangazi mmoja wa kikosini akauliza, si kwa sauti ndogo, inakuwaje mjane ametoka eda juzi na leo anashika ngoma. Shoga yangu akamjibu, "Hii haichezwi, inapigwa watu wafanye kazi. Shika kafi yako." Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikimtazama, nikingoja macho yake yaniangukie. Yalipita juu ya kichwa changu yakaenda kwa walio nyuma.

Kumbukeni tulivyokaa. Yeye kanigeukia mimi. Kutoka uso wake hadi wangu hapazidi urefu wa mkono. Na katika nafasi hiyo mtu aliweza, Jumamosi baada ya Jumamosi, asinione. Nilipotangulia ngoma hakupaza tena sauti. Aliinama kidogo kwa mwalimu wa hesabu aliyekuwa ubao mmoja nami, upande wa kushoto, akasema kwa utulivu, "Mwambie mwenzio apunguze."

Mwalimu akanigeukia, jasho linamtoka kwa aibu. "Anasema upunguze."

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

Tulikwenda hivyo wiki sita. Nilikuwa sina raha nyumbani, sina raha barabarani. Nilibadilisha mapazia. Nilimgombeza dereva kwa kuendesha polepole, kisha kwa kuendesha kasi. Nikiwa sokoni nikiona kitu anachokipenda nilikuwa nakinunua, halafu nakaa nacho kikiniozea jikoni. Mume wangu akasema, "Si uende tu ukamtake radhi?" kana kwamba ni jambo la kwenda tu.

Tamasha likakaribia. Vikosi vinne vya wanawake vingeshindana, na kocha akaleta kichwa cha joka, cha mbao, chenye pembe na ndevu nyekundu, akakifunga omo nyuma ya kiti cha mpiga ngoma. Macho hayakuwa yamepakwa rangi. Akaeleza kwamba kisiwani kwao boti haliingii mashindanoni mpaka mtu mzima anayeheshimiwa alitie joka mboni za macho, ndipo linapoamka. Akampa brashi mkubwa wetu kwa umri, muuguzi mstaafu.

Yule mama akaitazama brashi, akamtazama joka. "Mie nimpe jicho huyu?" akasema. "Siku ya kiyama nitaambiwa haya, mpe na roho." Akampa brashi aliyefuata, naye akampa wa tatu, brashi ikazunguka boti zima kama bakuli la kunawa mikono, ikarudi kwa kocha ikiwa haijagusa kitu. Kocha hakukasirika. Alisema kila watu na bahari yao. Basi joka letu likabaki kipofu, na vikosi vingine vikatutania ufukweni kwamba ndiyo maana hatwendi sawa.

Lakini kocha hakuwa kipofu. Siku ile ile alituita mimi na shoga yangu pembeni, mbele ya mwalimu wa hesabu awe mkalimani akikwama. Akasema kwao wavuvi wawili wenye ugomvi hawapandishwi boti moja siku ya mashindano. Wakipanda, boti huwa zito. Sijui kama ni kweli au alitutungia. Akasema tuna wiki moja. Tupatane, la sivyo mmoja wetu atabaki ufukweni siku ya tamasha, na atakayebaki ni mimi, kwa sababu wapiga kafi wako wengi na mpiga ngoma ni mmoja.

Nikamgeukia shoga yangu pale pale, mchangani, watu wanafunga viatu. "Nisamehe basi, yaishe," nikasema.

Nilisikia nilivyolisema. Lilitoka kama mtu anayelipia maegesho huku gari inaunguruma.

"Yameisha," akasema, kwa upole, na akaenda zake. Kocha akapiga makofi. Aliona mambo yamekwisha.

Siku ya tamasha ufukwe ulijaa. Palikuwa na mahema, vibanda vya mishkaki na chipsi, watoto na vibendera, spika inapiga kelele kwa Kiarabu na Kiingereza. Bahari ilikuwa tulivu. Tukajipanga mstari, maboti manne. Nikaweka kafi tayari, nikamtazama usoni. Alikuwa ameinua vijiti, anatazama mbali juu ya kichwa changu, midomo imefungwa.

Honi ikalia. Kafi kumi za mwanzo nilikwenda na ngoma, wallahi nilikwenda nayo, hata mwalimu wa hesabu alinitupia jicho la mshangao. Boti likanyanyuka. Tulikuwa wa pili, karibu wa kwanza, nikasikia wenzangu nyuma wanavuta pumzi pamoja kama mtu mmoja. Na yeye yuko pale mbele yangu, anapiga, hanioni.

Nikatangulia. Niwe mkweli, sikupitiwa. Nilifanya makusudi. Nilitaka asahau kununa, akasirike tu kama zamani, aniambie punguza bibi weye. Nilitaka anitukane. Nikatia kafi kabla ya ngoma, mara moja, mara mbili, nikiwa nimemkodolea macho. Macho yake yakashuka yakaniangukia, kwa mara ya kwanza tangu eda. Aliona nifanyalo. Alielewa, kwa sababu ananijua tangu deski lile. Na hakusema kitu. Aliendelea kupiga mapigo yale yale, sawasawa, na machozi yakaanza kumtoka, hakuyafuta kwa kuwa mikono ina kazi.

Nyuma kafi ziligongana. Mtu akapiga yowe, boti likayumba kushoto, mshika usukani akapambana nalo. Tukafika wa mwisho.

Muuguzi mstaafu alinivua koti la kuelea kama anamvua mtoto. Kocha akasema, "Punguza, Punguza," akatikisa kichwa, akaenda kufungua kichwa cha joka. Nilipogeuka kumtafuta shoga yangu nikaambiwa ameshaondoka na gari ya jirani yake.

Sikwenda kwangu. Sikubadili hata nguo. Niliendesha moja kwa moja hadi kwake, chumvi imenikauka shingoni, nikaacha gari mbele ya geti. Sikuangalia imeziba nini. Alikuwa sebuleni, kavua mtandio, amekaa pale pale alipokaa eda. Nikakaa mbele yake, chini, juu ya zulia.

"Nimekuja unisimulie," nikasema.

"Sasa?"

"Sasa. Sina pa kwenda. Nisimulie ilivyokuwa. Wote umewasimulia, mimi bado."

"Hujasimuliwa kwa kuwa hukukaa."

"Ndiyo. Sikukaa. Nilikuja mara mbili na mara zote mbili nilikukimbia. Nilikuogopa, na nimeona haya mpaka nikashindwa kurudi." Nililia hapo, na mwili wangu haukujua pa kujiweka, kama nilivyodhani, na hakuna lililotokea.

Hakunifuta machozi. Alisema taratibu, bila hasira, "Mwanakwetu, mie nimeshaisimulia mpaka imekwisha. Yale maneno yalikuwa ya eda, na eda imetoka. Nikiyaanza tena leo nitaumwa. Mimi siwezi." Akageuza uso dirishani. "Nenda jikoni kwa dada. Alikaa nami kila siku, alasiri kwa alasiri. Anaijua yote kwa moyo. Mwambie nimesema akusimulie."

Dada ni binti wa Kiganda anayefanya kazi kwake, mwaka wa tatu huu. Nilimkuta anachambua mchele kwenye sinia. Nikamwambia nilichotumwa. Akanitazama nguo zangu zilizorowa, akauliza, "Madam mwenyewe amesema?" Nikamwambia amesema. Akafuta mikono kwenye aproni, akanipa kiti, naye akaketi juu ya ndoo aliyoigeuza. Kisha akaanza, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayesoma kitu.

"Baba aliamka kuswali kama kawaida. Alimaliza kuswali, akakaa palepale, akasema kifua kinabana. Madam alikuwa ameshavaa nguo za kwenda baharini. Mimi nikapigiwa kelele, njoo, njoo, lete maji. Nikaleta. Akakunywa kidogo tu. Madam akapigia ambulensi, wakasema wanakuja. Akapigia kaka yake, kaka yuko mbali, Salala. Akapigia yule fundi wa gereji, simu haishikwi. Halafu akapigia rafiki yake mmoja, anakaa hapa karibu, ana gari. Huyo akashika simu mara moja. Madam akasema tu 'Hebu', yule akamkatiza, akasema, 'Niko njiani, nina haraka, nitakupigia.' Simu ikakatika. Madam akabaki ameishika hivi. Baba akauliza, 'Anakuja?' Madam akamwambia, 'Yuko njiani.'"

Nilikuwa kwenye mzunguko wa barabara. Nakumbuka sasa, hata taa ya lori lililokuwa mbele yangu naikumbuka. Nilikuwa naelekea ufukweni, nimeona jina lake kwenye simu, nikadhani anataka kuniambia atachelewa mazoezi. Nilimjibu hayo, nikaikata na nikaisahau. Tangu asubuhi ile hadi kwenye kiti kile cha jikoni simu hiyo haikuwahi kunipitia akilini hata mara moja. Miezi yote ile nilidhani kosa langu ni kutokaa.

"Huyo rafiki ni nani?" nikauliza.

"Hata mimi sijui. Watu wote walikuwa wanauliza. Kuna mama mmoja aliuliza sana mpaka akakasirika, akasema mtu kama huyo lazima ajulikane. Madam anamwambia, 'Mtu tu. Alikuwa na haraka.'" Alitikisa kichwa. "Alikuwa anasimulia kila siku, wakati mwingine mara tatu. Watu wa Sib, watu wa Nizwa, wengine sijui wametoka wapi. Jina hajawahi kulitaja. Mpaka eda inaisha, hata mara moja."

Nikasimama, kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Ni mimi," nikasema.

Yule binti akajifunika mdomo kwa mikono miwili. "Ayi, madam," akasema. "Sori, madam. Mimi sikujua."

Shoga yangu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwapo tangu lini. Alinitazama mimi, si juu ya kichwa changu, si kwa kupitia kwa mtu mwingine.

"Kaa," akasema. "Usimkatishe. Bado hajafika mwisho."

Nikainua kiti, nikakaa. Dada akamtazama madam wake, kisha akaendelea.